Jicho Alilopewa Mama Studio

Mama alipofariki, kamati ya mazishi ilikaa sebuleni kwake, katika nyumba yetu ya zamani iliyo juu kidogo ya Dagoretti Corner, na siku ya kwanza tu kazi zikagawanywa. Kaka yangu akapewa jeneza na gari. Dada yangu mdogo akapewa chakula na mahema. Mimi, kifungua mimba, karani katika ofisi moja ya katikati ya jiji, nikapewa picha.

"Wewe uko tao kila siku," akasema mdogo wake mama, ambaye sisi humwita Anti. "Hiyo yako ni rahisi."

Sikubisha. Wiki ile nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na wale waliotuletea sukari na majani ya chai, na nilifurahi kupewa kazi ya kunitoa ndani ya nyumba ile.

Kwetu mtu hazikwi bila picha. Moja kubwa hutiwa kwenye fremu, mjukuu akaishika kifuani na kutangulia jeneza. Hiyo hiyo hufungwa mbele ya gari kwa riboni siku ya kutoka mochari. Hiyo hiyo hukaa juu ya programu ya ibada, na ndogo zake hubandikwa kwenye vifua vya waombolezaji kwa pini. Mtu akifa leo, kesho jioni kuna atakayeuliza kama picha imepatikana, na familia isiyo na picha nzuri husemwa hadi matanga yaishe. Nimeona watu wakizikwa na picha ya kitambulisho iliyokuzwa hadi sura ikawa vumbi tupu, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliowasema.

Sasa mama yangu hakuwa na picha. Alikuwa na jicho moja bovu, jeupe kama maziwa yaliyoganda. Tawi la kahawa lilimrudia usoni akivuna kwenye shamba la wenyewe, akiwa msichana wa miaka kumi na minne, na hakuna aliyempeleka hospitali hadi jicho likawa halina dawa. Tangu hapo alijifunza kukaa pembeni ya kila kamera. Katika picha za harusi yangu amevaa miwani myeusi, ndani ya kanisa. Katika picha za kikundi cha akina mama ameinama kama aliyeangusha kitu. Kule Kitisuru alikofua na kupika kwa miaka mingi, tajiri wake alimpigisha picha na watoto siku ya Krismasi, na mama akamwinua mdogo wao mbele ya uso wake, ukamwona mtoto na kilemba tu. Kwa kukwepa picha, alikuwa fundi wa ajabu.

Lakini mimi nilikuwa na moja. Niliipiga Jumapili moja nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda akimenya minji, zile njegere za kijani, sufuria katikati ya magoti. Nilikuwa nimemchekesha kwa habari za mchungaji wetu aliyekwama na gari jipya asilojua kuliendesha. Akainua uso, akanitazama waziwazi, jicho zima na jicho bovu, meno yote nje. Nikabonyeza. Nilidhani atanigombeza, ila aliniomba simu, akaisogeza karibu na pua, akaitazama kwa muda.

"Haya, weka," akasema. "Lakini usitumie mtu. Hiyo ni yako."

Na kweli sikumtumia mtu. Haikuwahi kuingia kwenye kundi la familia, dada yangu hakuwahi kuiona. Ilikaa kwenye simu yangu, na simu ilipozeeka nikanunua nyingine, nikaiacha ile ya kwanza kwenye droo ya kabati nyumbani kwangu mtaani Jamhuri pamoja na hiyo picha. Nilikuwa nimepanga kuihamisha. Nimepanga mambo mengi maishani.

Basi Jumatano nikaiwasha ile simu, ikakubali kwa shida, nikaenda nayo mjini saa ya chakula cha mchana. Duka la picha nilikuwa nalijua kwa miaka. Lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye vinyozi, mafundi wa simu na washona sare za shule. Ukutani walikuwa wametundika kazi zao: maharusi, wahitimu wenye kofia zao, na wafu. Wafu ungewajua mara moja, kwa sababu wote walikuwa na mawingu nyuma yao, na wanaume wengi walikuwa wamevaa koti moja la buluu, lile lile, na tai nyekundu ile ile. Watu waliokufa miaka tofauti na ambao pengine hawakuwahi kumiliki koti.

Fundi alikuwa mwanamume wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Karibu mum. Ni pasipoti ama ni za kuprint?"

"Ni ya mazishi."

"Aii, pole sana. Ni mzazi?"

"Ni mama."

"Pole. Leta simu tuone."

Nilitaka kuituma kwa namba ya duka iliyobandikwa kwenye kioo, akanikataza. Alisema ukituma hivyo picha inaliwa, ikifika haina nguvu, na ukiikuza inakuwa ukungu; heri achukue kwa waya moja kwa moja. Tundu la chaji lilikuwa limelegea, ikabidi aushike waya kwa kidole gumba huku mkono mwingine ukiendesha kompyuta. Mama akatokea kwenye kioo kikubwa cha kompyuta akicheka na minji zake. Nikageuka kutazama ngazi. Sikutaka kulia mbele ya wateja wa pasipoti.

"Picha ni safi kabisa," fundi akasema. "Tumvalishe suti ama kitenge? Ziko zote."

"Hapana, muache na nguo zake."

"Na huku nyuma? Tuweke mawingu?"

"Weka ya kawaida."

"Sawa. Na huyu mama tumfanyie nini ingine?"

Nilikuwa na haraka. Ofisini walikuwa wamenipa dakika arobaini, simu mpya ilikuwa inalia, kaka yangu akitaka kujua habari za programu. Nikasema lile neno ambalo kila mtu husema akiegemea kioo cha duka la picha, neno nililolisema mwenyewe mara ngapi kwa picha za ubatizo na za shule, bila kufikiria, jinsi unavyomwambia mpishi asisahau chumvi.

"Mtengeneze apendeze."

"Usijali, mum," fundi akasema. "Hiyo wachia mimi."

Nikamwachia namba ya kaka kwa ajili ya programu, nikachukua simu yangu nikaondoka.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kuchukua. Kesho yake saa mbili gari lilikuwa litoke mochari. Fundi aliileta ikiwa imefungwa kwa karatasi, akaiweka juu ya kioo taratibu, akaifungua mwenyewe kwa madaha, mtu anayejua amefanya kazi. Kutoka kwenye fremu ya dhahabu akanitazama mwanamke mweupe kidogo kuliko mama, asiye na mikunjo kwenye shingo, ameketi mawinguni, na ana macho mawili.

Mara ya kwanza sikuelewa ninachokiona. Nilidhani amechanganya oda. Kisha nikaona kilemba cha mama, nikaona sweta lake lenye kifungo kisicholingana na vingine, na chini kabisa ukingo wa sufuria.

"Hili jicho umetoa wapi?"

Akatabasamu. "Nimelichukua kwa lile lingine. Nikaligeuza. Hiyo kazi imenichukua asubuhi yote, mum, na nimekufanyia tu bure, juu ya shida mko nayo."

"Nani alikwambia?"

"Ulisema apendeze."

Nilimpigia kelele. Nilimwita mwizi, nikamwita mchawi, nikamwambia amemuua mama yangu mara ya pili, maneno ya kipuuzi ambayo mtu huyasema akiwa hajalala siku nne. Wateja waliokuwa wakisubiri wakatazama sakafu. Fundi hakunijibu kwa ukali. Aliteremsha miwani, akaitazama ile picha upya, na kwa uso wake niliona hakuwa anaelewa kosa liko wapi. Alikuwa ameletewa mama mwenye jicho bovu na kuambiwa atengeneze. Angefanya nini kingine? Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa wa watu aliowatengeneza, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

"Nirudishie ya kwanza," nikasema.

"Leo? Mashine iko na foleni. Na zile za programu si nilitumia ndugu yako jana? Alisema wameshaprint."

Nikampigia kaka. Ni kweli, programu zilikuwa zimeshachapishwa, mia tatu, na vile vya kubandika kifuani pia. "Picha ni noma," kaka akaniambia, na sauti yake ilikuwa imelegea kwa kilio. "Ulifanya poa sana. Sijawahi kumuona mathe akikaa hivyo."

Nikaichukua fremu nikashuka ngazi.

Nyumbani walinisifu. Hilo ndilo jambo ambalo sijui nilibebe vipi hadi leo. Majirani walipanga mstari kuitazama. Akina mama wa kikundi, walioimba naye miaka thelathini, walisema ni yeye mtupu, ni yeye kabisa. Anti aliipokea mikononi, akakaa nayo kitini, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Hivi ndivyo alikuwa," akasema. "Kabla ya ile siku ya kahawa. Nyinyi hamkumjua dada yangu hivi. Mungu amemrudishia."

Ningemwambia nini? Kwamba si Mungu, ni mtu wa ghorofa ya pili? Na nilijua pia kwamba mama mwenyewe angelipenda lile jicho. Miaka yote ile ya kuinama, ya miwani myeusi kanisani, alikuwa akitafuta hiki alichopewa na fundi asubuhi moja. Aliyekuwa akilitaka jicho bovu ni mimi peke yangu, kwa sababu ndilo lililonilea. Nilijiona mchoyo, nikaenda kuitafutia fremu riboni ya gari. Jumamosi tukamzika, mwanangu akitangulia na ile picha, na watu mia tatu wakiwa na macho mawili ya mama kwenye vifua vyao.

Wiki mbili baadaye, watu walipotawanyika, nikakaa kitandani kwangu nikaiwasha simu ya zamani. Nilitaka tu kumwona. Picha haikuwepo. Niliona ya kabla yake, ya kuku wa jirani, na ya baada yake, ya risiti ya maji. Katikati hapakuwa na kitu. Nikazima nikawasha. Nikampelekea fundi wa simu pale Dagoretti Corner, akapekua nusu saa akaniambia haijafutwa, imekatwa: aliyeihamisha aliichukua yote, hakuacha nakala.

Nikarudi mjini. Fundi wa picha alinikumbuka, na nadhani aliniogopa. Akakubali kwamba huenda aliikata, kwa sababu waya ulikuwa unacheza na alikuwa na haraka asipoteze. Ya kwanza? Aliifanyia kazi juu yake, akahifadhi palepale. Na hiyo aliyoitengeneza nayo ilikuwa imekwenda.

"Sisi hufuta kila mwisho wa wiki, mum. Mashine inajaa. Watu wanakufa wengi."

Hakusema kwa ubaya. Nilikaa kwenye kiti chake cha kupigia picha za pasipoti, chini ya taa, hadi mteja mwingine akakihitaji.

Niliuliza kila mahali. Kitambulisho chake tulikuwa tumekisalimisha kwa msajili wakati wa kupata kibali cha mazishi, ndivyo sheria ilivyo, na nakala tuliyobaki nayo imetoka nyeusi sana, macho ni mashimo mawili. Kanisani walikuwa na picha ya jubilei ambamo yeye ni kilemba kwenye safu ya nyuma. Tajiri wake wa Kitisuru alikuwa amehama nchi. Basi nikaacha, kama mtu anavyoacha.

Miaka mitano ikapita. Ile fremu ikakaa ukutani kwangu Jamhuri, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na nyumba ya Dagoretti tulipangisha. Wanangu wakazoea. Wageni wakija husema nimefanana naye, na ninawashukuru. Mwanzoni nilikuwa nikiitazama na kumsahihisha kichwani. Namwondolea lile jicho, narudisha mikunjo ya shingo, napunguza ule weupe. Nilifanya hivyo kila asubuhi nikifunga kamba za viatu. Sijui ni lini niliacha. Hakuna siku niliyoamua.

Mwaka huu dada yangu akataka tufanye ibada ya kumbukumbu, na picha mpya, kwa sababu ile imeanza kufifia upande wa dirisha. Nikasema nitashughulikia mimi. Safari hii nilikwenda kwenye duka moja lililo ndani ya jengo la maduka upande wa Westlands, mahali pasafi, penye mashine ambazo wateja huingizia picha wenyewe kutoka kwenye simu, wakachagua ukubwa, zikatoka. Nilikuwa nimeipiga ile ya ukutani kwa simu. Na njiani wazo lilikuwa limenijia, wazo lililonifanya nitembee upesi: kama mtu mmoja aliweza kuliweka jicho, mwingine anaweza kuliondoa.

Mhudumu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, kucha ndefu za zambarau. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Haki leo nimeona," akasema. "Watu hukuja hapa tuwatoe makovu. Hakuna mwenye ashawahi kuja nirudishe."

"Unaweza?"

"Naweza, mbona nisiweze. Nitafanya kitu kama ukungu hivi, white-white. Si ndio?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Akamkuza mama hadi uso ukajaa kioo. Akasogeza mshale. Nilikuwa na furaha, nitasema wazi, furaha ya kwanza tangu tumzike. Nilikuwa naenda kumwona mama yangu.

"Haya," akasema. "Ni jicho gani?"

Nikafungua mdomo.

Nilinyoosha kidole kuelekea kioo, kikasimama hewani. Nikasema, "La kulia." Akauliza, "Kulia kwangu ama kulia kwake?" Nikasema kwake. Kisha nikasema hapana, ngoja.

Nilimkumbuka kila namna. Akipitisha uzi kwenye sindano, akigeuza kichwa, lakini aligeuza kuelekea wapi? Nilikumbuka tukitembea pamoja kando ya Ngong Road nikiwa mdogo, mimi upande wa jicho bovu nikimwambia gari linakuja, mkono wangu ndani ya wake. Nikasimama pale katikati ya duka, mwanamke mzima, nikanyoosha mkono wa kushoto, halafu wa kulia, nikijaribu kuusikia wake. Lakini alikuwa akinihamisha kila tulipogeuka, ili niwe mbali na magari. Mikono yote miwili ilimkumbuka.

Nikampigia kaka. "La kushoto," akasema bila kufikiri. Nikampigia dada. "La kulia, si unajua? La kulia." Nikawaunganisha, wakabishana, kila mmoja akiapa, na nilivyowasikiliza nikajua hakuna anayeona kitu, kila mmoja wao anaitazama ile picha na kuchagua. Nikampigia Anti, ambaye sasa ni mzee na husikia kwa taabu. Ilibidi nimweleze mara mbili.

"Mbona unataka kumtoboa dada yangu tena?" akasema. Akakata.

Nyuma yangu watu watatu walikuwa wakisubiri mashine. Yule mhudumu alinionea huruma.

"Tufanye hivi, mum," akasema kwa sauti ya chini. "Nitakutolea mbili. Moja hivi, moja hivi. Ukienda nyumbani utulie, uangalie, utajua tu. Mtoto hawezi kosa kujua mama yake."

Akazitoa. Zikaja moja baada ya nyingine, bado zina joto, akazitia kwenye bahasha.

Ni wiki ya tatu sasa ziko kwenye meza yangu. Asubuhi nazitazama, nikirudi kazini nazitazama. Nimezifunika nusu kwa karatasi, nimezisogeza dirishani, nimejaribu kuchekeshwa nazo. Moja kati ya hizi mbili ni mama yangu, nyingine ni mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo, na mimi, mtoto wake wa kwanza, sijui ni ipi.